Jinsi ya kuchagua transpoti ya CD ya maana kwa mziki wa nyumbani

Watu wenye CD zao kabatini wameanza tena kuulizia mashine za kuzipigia, na wana haki kabisa, maana mtu aliyenunua taarab za GlobeStyle au Buda Musique, au zile rumba za Kongo walizotoa Sterns wa London, anajua kuna vitu humo mtandaoni havipo, au vipo lakini vimekopiwa vibaya, afu kile kijitabu cha ndani kina majina ya wapigaji wote ambayo simu haikuonyeshi hata siku moja. Sasa ukiingia kutafuta mashine ya hadhi ya juu unakutana na bei zinazoanzia dola mia tano na kitu mpaka dola elfu arobaini, na kila muuzaji anakwambia yake ndo inatoa mziki "wenye uhai". Mimi msimamo wangu ni mmoja na huu mwongozo wote umesimama hapo: kabla hujauliza inaliaje, uliza ndani kuna leza gani, na siku ikifa nani ana spea.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini, na kama unakihitaji

CD player ya kawaida ina kazi mbili ndani ya kabati moja, inasoma namba zilizo kwenye CD, afu inazigeuza kuwa sauti kwa kutumia DAC yake ya ndani. Transpoti inaishia kazi ya kwanza. Inazungusha CD, inasoma, inatoa namba vile vile zilivyo kupitia waya wa dijitali, kazi ya kugeuza inafanywa na DAC yako iliyo nje, iwe kibox cha pembeni au iwe imo ndani ya amplifaya, maana siku hizi amplifaya nyingi zinakuja nayo. Kama huna DAC na huna mpango wa kununua, basi transpoti siyo yako, tafuta CD player kamili utaokoa hela na nafasi.

Kingine ambacho wauzaji hawakwambii ni kwamba inawezekana tayari unayo transpoti nyumbani. CD player yoyote ya zamani yenye tundu la kutolea dijitali nyuma, hata deki ya DVD, inaweza kufanya kazi hiyo. Chukua waya, chomeka kwenye DAC yako, sikiliza wiki nzima CD unazozijua. Ukiridhika, tulia na hela yako. Kama kuna kinachokukera, kiandike, mfano inachelewa kuanza, inakataa CD za kuchoma, mota inasikika chumba kikiwa kimya, rimoti imekufa, kuna mnguruno kwenye spika. Hiyo karatasi ndo itakuongoza dukani kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 2: Geuza DAC yako uangalie nyuma

Transpoti na DAC zinaongea kupitia waya, kwa hiyo matundu lazima yafanane. Koaksia ni lile tundu moja la RCA, mara nyingi lina rangi ya chungwa au nyeusi, na linataka waya wa ohm 75. Optika ndo ile ya Toslink inayopitisha mwanga mwekundu. AES/EBU inatumia plagi kubwa ya XLR ya pini tatu na waya wake ni wa ohm 110, usichukue waya wa maikrofoni ukasema itaenda hivyo hivyo, mara nyingine inaenda lakini sio waya wake. BNC ni ile ya kuzungusha na kufunga, na kiufundi ndo koaksia bora kuliko RCA kwa sababu plagi yenyewe imetengenezwa kwa ohm 75 kweli.

Kwa watu wengi koaksia inatosha kabisa, mita moja au moja na nusu ya waya mzuri wa kawaida, hauhitaji waya wa bei ya pikipiki. Optika naichagua pale tu kwenye mnguruno wa umeme, maana mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo kama mfumo wako unanguruma kwa sababu vifaa viwili vinashirikiana ethi vibaya, optika inakata hilo tatizo hapo hapo.

Halafu kuna I2S, na hapa tulia kidogo. I2S ilitengenezwa na Philips kwa ajili ya kuunganisha chipu na chipu ndani ya kifaa kimoja, ikiwa inabeba data na kloki (mpigo wa muda unaozipanga namba) kila kimoja kwenye njia yake. Kampuni za hi-fi wameitoa nje ya kabati na wengi wanatumia plagi ya HDMI. Ni njia nzuri, ila hakuna kiwango kimoja cha mpangilio wa pini, kila kampuni imepanga yake ingawa wengi wanafuata mpangilio wa PS Audio. Ukichomeka transpoti ya kampuni hii kwenye DAC ya kampuni ile unaweza kupata ukimya, au kushoto kukawa kulia. Sasa kama unanunua transpoti ghali kwa sababu ya I2S, soma kitabu cha transpoti na kitabu cha DAC, linganisha pini kwa pini, au hakikisha kimoja kati ya hivyo vifaa kina menyu ya kubadilisha mpangilio. Na ujue kwamba hiyo HDMI haina uhusiano wowote na tv, usiichomeke huko.

Hatua ya 3: Elewa kidogo kinachotoka kwenye CD

Hii sehemu ndo inayokukinga na maneno ya wauzaji. CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na mpaka leo kiwango ni kile kile walichokubaliana Philips na Sony: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, ukizidisha unapata biti 1,411,200 kila sekunde. Leza inasoma kuanzia ndani kwenda nje, na ili njia, yaani ule mstari wenye data, ipite chini ya lenzi kwa kasi ile ile, CD inazunguka kama mara 500 kwa dakika ikiwa mwanzoni halafu inapunguza taratibu mpaka kama mara 200 ikifika ukingoni. Mistari yenyewe imepishana kwa maikromita 1.6 tu. Lenzi inaelea juu ya hapo ikivutwa na koili ndogo za sumaku, inapanda na kushuka kufuata CD inavyoyumba, muda wote.

Na mikwaruzo? Namba zimeandikwa pamoja na hesabu za kurekebisha makosa, inaitwa CIRC, na data ya kipande kimoja cha mziki imetawanywa sehemu mbalimbali za CD ili mkwaruzo mmoja usifute yote. Shimo la mpaka kama milimita 2.5 kwenye njia linaweza kurekebishwa lote, namba zikatoka sahihi mia kwa mia. Likizidi hapo mashine inaanza kubahatisha katikati ya namba mbili nzima, na likizidi zaidi inakata sauti au inaruka.

Maana yake ni nini kwako? CD ikiwa safi, transpoti ya dola mia tano na ya dola elfu thelathini zinatoa namba zile zile. Hili halina ubishi na unaweza kulipima mwenyewe kwa kurekodi kile kinachotoka kwenye koaksia ukakilinganisha na faili la CD hiyo hiyo ulilolikopi kwenye kompyuta kwa programu inayohakiki. Kinachoweza kutofautiana ni muda, yaani namba zinafika kwa mpigo ulionyooka kiasi gani, ndo hiyo jita inayosemwa kila mahali. Na jita hiyo inasumbua au haisumbui kutegemea DAC yako. DAC nyingi za sasa zinapanga upya mpigo kwa kloki yake yenyewe, zinachuja karibu uchafu wote. DAC za zamani, na baadhi ya zile zinazotengenezwa kwa makusudi bila vichujio vingi, zinategemea sana mpigo unaotoka kwenye transpoti, na huko ndo mtu anaweza kubadilisha transpoti akasikia tofauti ya kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye hela isiyotosha vyote viwili: weka nyingi kwenye DAC na spika, transpoti ichukue kinachobaki. Ila isiwe takataka, kwa sababu inayofuata.

Hatua ya 4: Uliza ndani kuna nini

Leza ya CD inachakaa, hiyo haikwepeki. Mwanga wake wa nanomita 780 unapungua nguvu mwaka hadi mwaka, grisi ya reli inakauka, mota inaanza kuyumba, raba ya kufungua trei inalegea. Dalili zinakujaga kwa mpangilio karibu ule ule, kwanza inaanza kukataa CD za kuchoma, baadaye inaruka nyimbo za mwisho za CD ndefu kwa sababu ukingoni ndo CD inakoyumba zaidi, afu inachukua muda kusoma orodha ya nyimbo mwanzoni, mwisho inakwambia hakuna CD wakati imo. Kabati la aluminiamu la kilo ishirini halizuii lolote kati ya hayo. Ndo maana swali la kwanza kwa muuzaji ni mekanizimu gani (yaani leza, reli na mota yake kwa pamoja), kwa jina na namba yake, na asipojua mwambie akaulize.

Kuna familia kadhaa ambazo utakutana nazo.

Philips CD-Pro2LF ni ile ya chuma iliyofungwa kwenye mashine nyingi za bei juu, inapakiwa kwa juu, imara kweli kweli, watu wanaipenda na mimi naipenda. Shida ni kwamba Philips waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, kwa hiyo zilizopo ni za stoo na za kutolewa kwenye mashine zilizokufa. Ukinunua mashine ya namna hii nunua na mekanizimu ya akiba siku hiyo hiyo, au pata maandishi kutoka kwa kampuni kwamba wanazo na watakuuzia. Kununua bila hivyo mimi sikushauri, hata ikilia vipi.

Sanyo HD850 ni leza ndogo, rahisi, ipo kwenye vitu kama Shanling ET3. Wapenzi wa hi-fi wengine wanaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo, mimi naiona ni sifa, leza inayopatikana kwa urahisi na fundi yeyote makini anaibadilisha ni leza utakayoishi nayo muda mrefu.

StreamUnlimited wa Austria, kampuni iliyoanzishwa na mainjinia waliotoka Philips, wanatengeneza mekanizimu na bodi za sevo (mfumo unaoongoza lenzi na mota zifuate CD) kwa ajili ya CD tu, na ndo zilizo ndani ya Pro-Ject CD Box RS2 T na mashine nyingine za Ulaya. Kwa mtu anayetaka hadhi ya juu na bado awe na uhakika wa spea, mimi ningeanzia hapa.

VRDS ni ya ukoo wa TEAC na Esoteric. Badala ya CD kukaa imeshikwa katikati tu, inabanwa juu yake na sahani nzima yenye ukubwa kama wa CD yenyewe, na ile sahani ina mchongo kidogo ili CD ilale sawasawa mbele ya lenzi, ikiwa imepinda inanyooshwa. Wazo zuri sana kihandisi, maana sevo inakuwa na kazi ndogo ya kuikimbiza CD. TEAC VRDS-701T ndo mlango wa bei ya chini wa kuingia kwenye teknolojia hiyo, na juu kabisa kuna mashine za Grandioso za Esoteric. Ila mekanizimu hii ni ya kwao wenyewe, fundi wa mtaani hataigusa, matengenezo ni kwa wakala.

CEC wa Japani wanazungusha CD kwa mkanda wa raba, kama zile mashine za santuri, na kizito cha chuma juu yake, ili mtetemo wa mota usifike kwenye CD. Mkanda unabadilishwa mwenyewe nyumbani. Mashine zao zina wapenzi wake wa damu.

Mwisho kuna njia ya kompyuta, drevu ya DVD-ROM inasoma CD inarudia sehemu yenye shida, inaweka kwenye memori afu ndo inatoa kwa kloki safi. PS Audio walifanya hivi kwenye PerfectWave Transport, na Audiolab 6000CDT nayo ina bafa (memori ndogo) ya kusoma mbele ingawa ni mashine ya bei ya kawaida. Kwa mtu mwenye CD zenye mikwaruzo mingi, za mtumba, njia hii ina faida ya kweli na siyo ya maneno.

Cambridge Audio CXC na Cyrus CDt nazitaja kwa sababu zote zinatumia sevo iliyotengenezwa na kampuni yenyewe kwa ajili ya CD za mziki tu, na ziko kwenye bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujipanga. CXC kwa mfano ni chini ya dola elfu moja, ina koaksia na optika basi, na kwa DAC ya kisasa sioni itakuangusha wapi.

Tahadhari moja: ukifungua kifuniko kuangalia ndani, usiweke jicho juu ya lenzi mashine ikiwa imewashwa. Mwanga wa leza ya CD karibu hauonekani kwa macho, kwa hiyo jicho halitajua kwamba linaumia.

Hatua ya 5: Trei, mdomo, au juu

Ya trei inahitaji nafasi mbele tu, inafungwa, vumbi haliingii kirahisi. Ya mdomo, ile unayoingiza CD inamezwa kama kwenye redio ya gari, haina trei ya kuvunjika, lakini usiingize humo CD ndogo za sentimita 8 wala CD yenye stika, ikinasa ni kufungua kabati. Ya kupakia kwa juu ndo wapenzi wengi wanaitaka kwa sababu sehemu zinazocheza ni chache na CD inakandamizwa na kizito au sumaku, ila lenzi iko wazi kila unapobadilisha CD, na juu yake lazima ubakize nafasi ya mkono, haiwezi kukaa kwenye shelfu la katikati.

Kama unaishi pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hata Muscat huko, fikiria vizuri kabla ya kuchukua ya juu. Hewa ya chumvi na unyevu inashambulia plagi na inaotesha ukungu kwenye lenzi, na vumbi likitua kwenye lenzi yenye unyevu linaganda. Siyo kwamba haifai, ila usiiache wazi hata dakika, ifunike ikiwa haitumiki, na weka vile vipakiti vya silika ndani ya kabati la mziki. Bara kavu vumbi ni jingi lakini unyevu ni mdogo, huko ya juu haina tabu sana.

Hatua ya 6: Umeme kabla ya kila kitu ukiagiza nje

Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi huku ni 230 mpaka 240. Mashine nyingi nzuri za mtumba, hasa Esoteric na CEC, zinatoka soko la ndani la Japani na hazina swichi ya kubadilisha volti, ukiichomeka moja kwa moja ukutani unasikia mlio mmoja na hela yako imekwenda. Soma kibandiko cha nyuma, muombe muuzaji akupigie picha ya kibandiko, siyo akutajie kwa mdomo. Ukiwa umeshaipenda ya volti 100, nunua transfoma ya stepdauni inayotoa volti 100 kweli, zile za kutoa 110 zinaizidishia na kuipasha moto.

Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, weka frijigadi yenye kuchelewesha au stabilaiza, na kama unatumia sola hakikisha inveta inatoa wimbi safi, zile za bei rahisi zinafanya transfoma ndani ya mashine izomee na huo mlio unausikia chumbani hata kabla ya mziki kuanza.

Hatua ya 7: Nenda dukani na CD zako

Usikubali kusikilizishwa CD ya dukani tu. Beba zako, na zichague kwa kazi. Beba moja yenye mikwaruzo ambayo nyumbani inaruka. Beba ya kuchoma mwenyewe, na kama una CD-RW (ile ya kuchoma na kufuta) beba nayo, hiyo inarudisha mwanga mdogo sana kulinganisha na CD ya kiwandani kwa hiyo ndo mtihani mgumu wa leza. Beba ndefu inayokaribia dakika 80 uende moja kwa moja wimbo wa mwisho. Beba ya onyesho la jukwaani ambayo nyimbo zimeungana, usikilize kama inakata kimya katikati ya wimbo na wimbo. Hesabu kichwani inachukua muda gani tangu ufunge trei mpaka ioneshe idadi ya nyimbo. Mwambie muuzaji azime sauti, sogeza sikio karibu, sikiliza mota.

Kuna mtihani mmoja watu wengi hawaujui na nausisitiza kwa wenye CD za zamani. CD kadhaa za mwanzo za miaka ya 1980, nyingi za Japani na za klasiki, zilirekodiwa treble ikiwa imepandishwa makusudi, karibu desibeli 10 huko juu kabisa, zikiwa na alama ndani ya data inayoiambia mashine iishushe. Inaitwa pre-emphasis. Kwenye CD player kamili unakuwa hujui hata kama ipo. Ukitenganisha transpoti na DAC, transpoti lazima ipitishe ile alama na DAC lazima iitii, na kuna DAC za kisasa hazina habari nayo kabisa. Matokeo yake CD inalia kali, inachoma masikio, mtu analaumu transpoti au waya au chumba. Ukiwa nayo CD ya namna hiyo, ijaribu kwa DAC yako mwenyewe, siyo ya dukani.

Na wenye SACD, zile diski za ubora wa juu kuliko CD: leza ya transpoti ya CD inasoma tabaka la CD tu kwenye zile za tabaka mbili. SACD yenyewe inataka leza nyingine, na hata transpoti zinazoisoma haziruhusiwi kutoa ile data kupitia koaksia ya kawaida, inatoka imefungwa kwa DAC ya kampuni hiyo hiyo, ndo maana watu wa Esoteric, dCS na PS Audio wanauza kwa jozi.

Ukitaka kulinganisha mbili kwa haki, ziunganishe zote kwenye DAC moja, matundu mawili tofauti, CD mbili za toleo moja ndani yake, zianze pamoja, mtu mwingine abadilishe bila kukwambia ipi ni ipi. Usiguse volyumu. Kama baada ya mizunguko kadhaa huwezi kuzitofautisha, chukua yenye spea rahisi na waranti ndefu, uamuzi umeshafanyika.

Hatua ya 8: Bei, na ya mtumba

Kwa maoni yangu chini ya dola elfu moja unapata transpoti kamili ya kuishi nayo, CXC au 6000CDT. Kutoka hapo mpaka kama elfu tatu unanunua mekanizimu bora, kabati tulivu, AES na I2S, na mtu mwenye mfumo mzuri anaona thamani yake. Juu ya hapo unalipia uhandisi mzito na uzuri wa kitu chenyewe, na hakuna ubaya kama hela ipo na unakipenda, ila usitarajie kwamba namba zitakuwa sahihi zaidi ya sahihi.

Ya mtumba uliza haya: leza imeshabadilishwa, lini, na nani, risiti iko wapi. Rimoti ipo? Kuna mashine mbele hazina hata kitufe cha kuruka wimbo. Kizito cha juu kipo? Kikipotea huwezi kutumia chochote tu, uzito ukizidi mota inachoka. Boksi lake na zile skrubu za kufungia mekanizimu wakati wa kusafirisha zipo? Muombe muuzaji akurekodie video bila kukata, kuanzia mashine imezimwa, anaweka CD ya kuchoma, inasoma, anaenda wimbo wa mwisho, unacheza mpaka unaisha. Akikataa hiyo video, tafuta nyingine. Na kampuni nayo iangalie kama bado inajali CD, kuna majina makubwa yameshaondoka kwenye biashara hii, Linn kwa mfano waliacha kutengeneza CD player tangu 2009.

Ikishafika nyumbani

Iache ndani ya boksi masaa kadhaa kama imetoka kwenye ndege au sehemu yenye kiyoyozi, ili unyevu usitue kwenye lenzi. Toa skrubu za safari kabla ya kuwasha. Iweke mahali palipo sawa, tumia pima maji ya fundi muashi, na isikae juu ya amplifaya inayotoa joto. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi mimi sizitumii, zinaweza kuvuta lenzi inayoshikiliwa na vitu vyembamba sana, bora kipuliza hewa cha mkono, na kama ni lazima, pamba yenye spiriti safi kidogo, unagusa hukandamizi. CD ifute kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usifute kwa kuzunguka, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ndo unaoshinda CIRC.

Afu wakati siku za kurudisha mali bado zipo, pitisha CD zako zote. Ndio, zote, hata kwa kusoma mwanzo na wimbo wa mwisho tu. Itakayokataa ijaribu kwenye mashine nyingine au kwenye kompyuta, ikisoma huko safi basi una sababu ya kuirudisha dukani wakiwa bado wanalazimika kuipokea.